Kopo la Nyuma ya Shelfu

Gwantwa Kibona,
S.L.P. 318,
Tunduma, Songwe.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa kaka Ipyana,

Naanza na salamu nyingi kutoka hapa mpakani. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Rozi na watoto mkiwa wazima huko Gaborone, na kwamba kile kikohozi chako cha Krismasi kimekwisha. Je, ulikwenda kupima kama ulivyoniahidi, au uliishia kunywa maji ya tangawizi kama kawaida yako? Wifi aniandikie ukweli, wewe sikuamini.

Mimi mwili wangu ni mzima. Shemeji yako Jastin naye mzima. Tumpale yuko kidato cha pili na sasa amenipita urefu, nikitaka kumgombeza inabidi nitazame juu. Mama magoti yanamsumbua wakati huu wa mvua, lakini ukimwambia apumzike anakwenda kwenye shamba lake la kahawa kwa makusudi. Kwa hiyo mama hajambo. Nakutangulizia hilo ili usome yanayofuata bila kudhani nakuletea msiba wake.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Mwezi huu nimekupigia mara tatu. Kila nikisikia sauti yako nageuza maneno, nakuuliza habari za kazi, nakusimulia mvua, halafu nakata. Ninachotaka kukuambia hakitoki mdomoni. Nimeona nikae nikiandike, pengine mkono utafika mwisho.

Unazikumbuka zile shelfu ulizotutumia mwaka 2022, duka unalofanya kazi lilipokuwa linabadilisha zake? Zilifika juu ya lori zimefungwa kamba, Jastin akazifunga ukutani siku mbili mfululizo bila fundi. Hapa mtaani hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Kila bidhaa na njia yake, ukuta mwembamba wa plastiki kushoto na kulia, na nyuma kabisa kibao chenye springi. Mteja akichukua kopo la mbele, kibao kinasukuma, la pili linakuja kusimama palepale, jina limetazama nje. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanakuja kutazama tu. Mzee mmoja wa Vwawa alinunua sabuni nne, moja moja, ili aone springi inavyosukuma. Duka letu likawa halina pengo hata saa moja.

Na wewe ulinielekeza. Sijasahau. Ulisema, "Gwantwa, ukijaza, toa ya zamani kwanza, mpya iingie nyuma, ya zamani irudi mbele." Nikaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka. Miezi miwili ya mwanzo nilifanya hivyo. Lakini kutoa makopo kumi, kukizuia kibao kwa mkono mmoja kisikurukie, kuingiza mapya, kurudisha ya zamani, huku watu watano wamesimama kaunta na kila mmoja anawahi gari! Nikaanza kuyasukuma kwa kiganja na kuchomeka mapya mbele. Springi inarudi nyuma bila ubishi. Kwa nje hakuna tofauti yoyote, shelfu imejaa na imenyooka. Jastin akaniona, naye akafanya hivyohivyo. Miaka miwili na nusu, kaka.

Mwishoni mwa Januari gari la wakala wetu wa Mbeya liliharibika, wiki tatu hatukuletewa maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Niliendelea kuuza yaliyokuwepo. Nilikuwa naona makopo yanakuja tu mbele, nikamwambia Jastin kumbe tuna akiba kuliko nilivyodhani. Nilifurahi. Furaha ile ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Jumanne ya tarehe 11 Februari, asubuhi, aliingia Mwanaisha. Ulimwona ulipokuja kwenye harusi ya mdogo wetu Tupokigwe, yule mama wa Kitanga anayeuza vitenge mkabala na sisi. Binti yake Naila alijifungua Septemba na maziwa yake hayakutosha, kwa hiyo mtoto, Raudha, analelewa kwa kopo. Mwanaisha ni mtu wa kuingia dukani na maneno yake yote, anasalimia mpaka magunia. Siku hiyo hakusalimia. Alikuwa amevaa kanga moja kichwani nyingine hana, akaweka kopo juu ya kaunta.

"Mama Tumpale, wewe macho yako mazuri. Nisomee hapo chini."

Nikaligeuza. Chini lilikuwa limeliwa na kutu, kutu ya kubanduka, na pembeni kulikuwa na tundu dogo kama la sindano. Tarehe ilisomeka nusu. Novemba 2023.

Akaniambia Raudha ameharisha na kutapika tangu Jumamosi, kwamba jana walimpeleka hospitali Vwawa na amelazwa, ametundikiwa maji, na daktari ametaka kujua maziwa yametoka wapi. Halafu akasema kitu ambacho nitakikumbuka mpaka naingia kaburini. Akasema, "Nilichukua mawili kwako na moja kule karibu na stendi. Sijui hili ni la wapi. Siamini kama ni la kwako. Duka lako ndilo safi kuliko yote."

Nilimwomba anisubiri. Nikaenda kwenye ile njia ya maziwa, yalikuwa yamebaki makopo manane, yamesimama mazuri, nyuso mbele. Nikalitoa la kwanza na kuligeuza. Kutu. La pili, kutu. Nikaingiza mkono mpaka nyuma, vidole vikagusa maji. Kaka, ukuta ulikuwa umelowa. Bati la paa limekuwa likivuja nyuma ya shelfu, sijui tangu mvua za mwaka gani, na sisi hatukujua kwa sababu hatukuwahi kuona nyuma. Lile lilikuwa katoni la mwisho nililoliingiza nyuma kama ulivyonielekeza, mwaka uleule shelfu zilipofika. Katoni la makopo kumi na mawili. Limekaa pale limesukumwa ukutani likioza, mpaka mapya yalipokwisha, ndipo springi ikafanya kazi yake ikayaleta mbele.

Nilisimama na kopo mkononi nikisoma jina la kampuni kama mtu anayejifunza kusoma.

Jastin alikuwa ameshasikia. Akanivuta stoo, akafunga mlango.

"Amesema hajui limetoka wapi."

"Nimesikia."

"Makopo ya aina hii yapo maduka kumi hapa Tunduma. Nyamaza, Gwantwa. Hayo manane tutayachimbia. Ukifungua mdomo, tumekwisha."

Sitakudanganya kwamba nilimjibu vizuri hapohapo. Nilimtazama na nikaona anasema kweli, kwamba inawezekana. Nilihesabu kichwani jinsi ya kusema, "Pole sana jirani, nenda ukaulize stendi." Sentensi ilikuwa tayari. Kilichonitoa stoo si ushujaa. Nilikumbuka tu kwamba daktari anasubiri jibu, na kama Mwanaisha atakwenda stendi kwanza, saa nzima itapotea.

Nikatoka. Nikamwambia, "Mwanaisha, limetoka kwangu. Yapo mengine manane kama hilo."

Alikaa kwenye ndoo ya mafuta iliyokuwa pale. Hakunitukana. Akasema, "Basi nikamwambie daktari," akachukua kopo lake akaondoka. Afadhali angenipiga.

Kumi na mawili toa manane ni manne. Mawili ni ya Mwanaisha. Jastin, ambaye alikuwa amekasirika hata hanitazami, akasema moja alilichukua Bana Chanda, yule mama Mzambia mwenye kibanda Nakonde anayechukua mizigo kwetu kila Ijumaa. La nne hakuna aliyelikumbuka. Nilifunga duka, nikavuka mpaka kwa miguu.

Huko Nakonde nilizunguka soko nikiulizia kwa Kiswahili na kile Kibemba changu cha kununulia vitunguu. Wapo kina Bana Chanda watatu, maana kila mama wa Chanda huitwa hivyo. Wa tatu ndiye. Aliponiona alicheka akanisalimia, "Mulishani mukwai, leo duka limekuja kwangu?" Nikamweleza. Kicheko kikakatika. Akainama chini ya meza yake akalitoa lile kopo, halijafunguliwa, alikuwa akimsubiri mteja wa huko ndani vijijini. Sikujizuia, nilimshika mikono yote miwili.

Akasema nisilibebe wazi, watu wa ushuru wataniuliza maswali. Akalitia kwenye mfuko wa bluu, akaufunga fundo, akauzungushia mkanda wa gundi mara mbili kama mtu anayetuma kifurushi kwa basi.

Kaka, nilikaa chini kwenye matope ya soko la Nakonde, Bana Chanda akadhani nina kifafa. Nilikuwa nimelikumbuka la nne. Nililifunga mimi mwenyewe, mfuko wa bluu, gundi mara mbili, Jumatano ya tarehe 5, nikampa kondakta wa gari za Isongole. Nililituma nyumbani kwa mama, kwa Tupokigwe.

Hukuwa unajua kwamba mdogo wetu alipata jipu kwenye titi mwezi Januari na akaacha kunyonyesha? Nilikusudia kukuambia. Mtoto wake Edson alikuwa hajafikisha miezi saba. Mama alinipigia akasema Tupokigwe anampa uji mwepesi tu. Nikaona huruma, nikavuta kopo la mbele kwenye shelfu, nikafunga, nikatuma. Wala sikuligeuza. Kutoka kwenye shelfu yangu, kwa mkono wangu, kwa mtoto wa ndugu yangu wa tumbo moja.

Simu ya Tupokigwe haikupatikana. Ya mama inaita tu, unajua anavyoiacha kabatini. Nikavuka mpaka kurudi, nikaenda Mpemba, nikapanda gari ya Isongole, nikachukua bodaboda kile kipande cha mwisho cha mlima. Nilifika jua bado lipo.

Mama alikuwa barazani amempakata mtoto. Akafurahi kuniona, akaanza kuulizia Tumpale. Mimi namtazama Edson. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, ameegemea kifua cha mama kama nguo iliyokunjwa. Mama akasema ni meno yanaota.

Tupokigwe akatoka jikoni, ameshika kikombe na kijiko. Alitabasamu.

"Afadhali umekuja, dada. Yale maziwa yako yamebaki kidogo, nilikuwa nayabania. Sasa kwa kuwa anaharisha, nimemwongezea kijiko kimoja kila mara, apate nguvu."

Sijui nilisema nini. Mama anasema nilipiga kelele. Ninachokumbuka ni kikombe kinaanguka na mimi ndiye niliyekipiga. Nikawaambia yote palepale, nimesimama, viatu vina matope ya Zambia.

Tupokigwe akauliza, "Ni wewe uliyelifunga lile kopo?"

"Ni mimi."

"Hukuliangalia?"

"Sikuliangalia."

Akaenda kwa mama, akamchukua mtoto wake, akajifunga naye mgongoni. Bodaboda aliyenileta alikuwa hajaondoka. Walipanda wao, nami nikafuata kwa miguu mpaka kituo cha afya, nusu ya njia nikikimbia. Nilipofika walikuwa wanamtafuta mshipa. Walimchoma mara nne, mwisho wakaupata kichwani. Mkunga mmoja mzee aliniambia kwa upole tu, bila kujua mimi ni nani, kwamba mngechelewa mpaka kesho tungekuwa tunaongea mengine.

Tulikaa pale siku nne. Mimi nilikuwa nafua, nachota maji, naleta chakula. Tupokigwe alikuwa anakipokea chakula bila kunitazama. Siku ya tatu Edson alilia kwa sauti, kilio chenye hasira, na mama, ambaye si mtu wa machozi, akageukia ukutani.

Raudha alitolewa hospitali Ijumaa ya wiki ileile. Naila alinitumia ujumbe kunijulisha. Ni binti mwenye adabu, angeweza kukaa kimya.

Niliporudi Tunduma sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa afisa afya wa kata na lile kopo la Bana Chanda. Walikuja watu wawili wakatufungia duka siku kumi, wakatuambia tutoe kila kitu shelfuni mpaka mwisho wa njia. Ndipo nilipopata mshtuko mwingine, kwa sababu nilidhani ni maziwa tu. Nyuma ya kila bidhaa kulikuwa na mwaka wake. Samaki wa kopo wa 2023. Siagi iliyogeuka rangi. Hamira, sosi ya nyanya, biskuti zilizokuwa unga. Mbele duka la leo, nyuma duka la zamani lililofichwa. Vilijaza mkokoteni mara mbili.

Walivitoa mchana, barabarani, watu wakitazama na wengine wakipiga picha. Jastin alikuwa hajazungumza nami tangu siku ile ya stoo. Nilijua atakaa ndani. Lakini alitoka, akavua shati, akabeba maboksi mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni. Dereva mmoja akapaza sauti, "Kumbe mnatulisha sumu!" Nikaona Jastin anasimama na boksi begani. Nikafumba macho. Akamjibu taratibu, "Tuliuza makopo manne mabovu. Tumeyafuata yote manne. Kama una la tano lilete." Yule dereva akaenda zake. Jioni ile ndipo mume wangu aliponiambia, "Nilikuwa nimeogopa." Basi, hilo tu, na mimi likanitosha.

Kaka, shelfu zako hazina kosa na sijazitupa, usije ukadhani. Tumezisogeza mbali na ukuta, bati limezibwa, na mimi nimeandika mwezi na mwaka kwa kalamu kubwa kwenye kila kopo. Kila Alhamisi tunafunga mapema, tunatoa njia moja baada ya nyingine mpaka kibao cha mwisho. Wateja wamepungua karibu nusu. Mwanaisha ananiitikia salamu sasa, kutoka upande wake wa barabara, lakini maziwa ananunua kwingine. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Nakuomba unikasirikie waziwazi. Usinifichie kwa sababu ya umbali. Ulinielekeza na mimi nikaitikia ndiyo, nikaona ni kazi ya bure. Kama una neno, liandike au unipigie, nitalisikiliza mpaka mwisho.

Mama anakusalimu sana, anasema ukija Desemba umletee ile dawa ya kupaka magoti, na usinunue bei ya juu. Jastin anakushika mkono. Tumpale anamwulizia Abeli wenu kama bado anacheza mpira. Msalimie wifi Rozi kwa namna ya pekee, mwambie kitenge alichotuma nilikivaa siku ya kumtoa Edson kituo cha afya.

Tupokigwe hakunipa salamu za kukuletea. Hatujazungumza tangu kituo cha afya, yapata wiki tatu sasa, habari za mtoto nazipata kwa mama. Lakini leo, nikiwa nimeshaandika karibu nusu ya barua hii, simu ililia. Ni ujumbe wake wa kwanza kwangu. Ameandika: "Edson amekaa mwenyewe." Hakuna salamu, hakuna jina langu. Nimeusoma nimesimama katikati ya duka, nimekwenda kumsomea Jastin, nimerudi nikausoma tena. Kila nikianza kumjibu nafuta.

Mungu awafunike wewe na nyumba yako yote, aendelee kukushika mkono katika kazi na safari zako, na atuonyeshe nyuso zenu mwaka huu kabla haujaisha.

Ni mimi dada yako, wako akupendaye,

Gwantwa